Mipeasi ya Mnara

Siku ya msiba wake mwenyewe Bibi Esteria aliamka na afya tele. Alikunywa uji vikombe viwili, akabandika maharage mekoni, akachomeka simu kwenye chaji, akajifunga kitenge chake cha kutokea, kisha akatoka kumsubiri wakili mlangoni huku akiimba wimbo wa kwaya. Beti nyingine alikuwa amezisahau, kwa hiyo akawa anaimba ubeti mmoja tu, tena na tena, kila mara kwa nguvu mpya.

Alikuwa na miaka sabini na mitatu, magoti mawili yasiyoelewana, na furaha ya mtu aliyepigwa na dunia mpaka dunia yenyewe ikachoka mkono.

Wakili aliitwa Abubakari, kijana wa Tanga mjini, mpole, mwenye viatu vilivyong'aa kiasi cha mtu kujikagua meno. Gari jeupe alilokodi lilimteremsha mlangoni kwa Esteria likiwa linachechemea, na dereva akageuza palepale kurudi Lushoto mjini kuziba pancha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Naona umekuja na viatu vya harusi. Vizuri, mnara haujapata mgeni rasmi siku nyingi."

Mnara wenyewe ulisimama kwenye kilima, juu tu ya nyumba ya Esteria, peke yake kama jino la mwisho. Kanisa lililouzaa lilianguka zamani, na jipya la bati jekundu lilijengwa kule chini barabarani. Mnara ukabaki na kengele yake. Pale kijijini Kwemtindi watu wote waliuita mnara wa Wajerumani, na kila walipouita hivyo Esteria aliwasahihisha.

"Wajerumani walileta mchoro," angesema. "Mawe yalipanda kwa migongo ya watu."

Babu yake mzaa mama alikuwa miongoni mwa wanaume waliobeba ile kengele kutoka Mombo, siku sita za kupanda, ikining'inia kwenye gogo kama mgonjwa. Alifika juu na vidole vinane vya miguu. Viwili alivipoteza njiani, na kengele haikuwahi kumwomba radhi.

Sasa mnara ulikuwa umeanza kuinama upande wa bondeni, kidogo tu, kama mlevi anayejifanya anasikiliza. Serikali ya kijiji ikatoa muda mpaka mwisho wa mwezi. Ipatikane njia ya kudumu ya kuutunza, au uvunjwe kabla haujamwangukia mtu, na mawe yake yakajenge mtaro. Mtaro. Esteria aliposikia neno hilo mkutanoni alicheka mpaka akatolewa nje, halafu akiwa nje akakaa chini akalia, kisha akajifuta akaenda kutafuta wakili.

Maana njia ya kudumu alikuwa nayo. Alikuwa na mipeasi mia moja na kumi na minne.

Aliipanda mwenyewe, mche kwa mche, mwaka ule mumewe Elisante alipofariki na kumwachia shamba la mawe na mbuzi kipofu. Watoto wawili aliojaliwa walikwisha kutangulia. Mipeasi ndiyo iliyobaki ya kuamkiwa asubuhi. Ikakua, ikazaa, mapeasi yakafika Soni, Mombo, mpaka Tanga. Akiwa hai angeutunza mnara mwenyewe; sasa alitaka atakapokufa mavuno yake yote, mwaka hadi mwaka, yawe ya mnara: chokaa, mbao, mafundi, na mlinzi wa kuwafukuza mbuzi.

Tatizo lilikuwa udongo. Kwa Washambaa wa Kwemtindi mti ni wa aliyeupanda, lakini udongo ni wa ukoo. Ukoo ulikuwa wa Elisante, na mkuu wake sasa alikuwa Anord, mtoto wa mdogo wake Elisante, mwanamume wa miaka arobaini na kitu aliyesafirisha kabichi na kugombea uenyekiti wa kitongoji. Wakili alikuwa ameeleza waziwazi kwamba miti Esteria anaweza kuiachia mnara, lakini bila neno la ukoo juu ya udongo, Anord atakuja na msumeno hata matanga hayajaanuliwa.

Anord alikuwa amekataa mara tatu.

"Mama mkubwa," alisema mara ya mwisho, "mawe hayali mapeasi."

"Na wewe hujapanda hata kitunguu," Esteria alimjibu, "mbona unakula?"

Jibu lilikuwa tamu, lakini halikuleta sahihi. Siku kumi zilibaki kabla ya mwisho wa mwezi, na wosia ulikuwa bado rasimu, karatasi tatu zilizolala juu ya meza yake chini ya chupa ya chai. Kijiji kizima kilijua. Kijiji kizima pia kilikuwa na maoni yake, kwamba anayeandika wosia anamwandikia kifo barua ya mwaliko, na bibi huyu amekwisha kubandika na stempu.

Asubuhi hiyo kazi ilikuwa ndogo. Abubakari alitaka kuuona mnara kwa ndani, kwa sababu maandishi hayawezi kuachia mali kitu ambacho mwandishi hajakiona. Ngazi zilikuwa hamsini na mbili, za mawe, zimeliwa katikati na nyayo za miaka mia. Esteria alipanda akisemezana na magoti yake. Abubakari alipanda nyuma akihema, na alipofika juu, kwenye chumba cha kengele, alikuwa amekwisha kuwa na rangi ya majivu. Akanyoosha mkono ashike chochote kilicho karibu. Kilichokuwa karibu kilikuwa kamba.

Ngooo. Ngooo.

Ile sauti ilimshtua, akateleza, akaning'inia kwenye kamba kwa mikono miwili.

Ngooo. Ngooo.

Esteria alifumba macho. Kengele ile ilikuwa imebakiwa na kazi moja tu. Ibada ilikuwa na kengele yake mpya kule barabarani, lakini ya mnarani ilipigwa mtu akifa. Mwanamume, mapigo matatu matatu. Mwanamke, mawili mawili.

"Baba," alimwambia wakili kwa upole, "umeua mwanamke."

"Mwanamke gani, Bibi?"

"Tulia. Watatuambia."

Wakachungulia kwenye dirisha jembamba. Chini yao, wazi kama sinia, ulikuwa uwanja wa nyumba ya Esteria na safu za mipeasi, na bonde lile lina tabia ya kupandisha maneno yote juu. Milango ikafunguka huku na kule. Watu wakasimama na majembe mkononi wakiulizana ni nani. Ndipo akatokea Mwanahamisi mbiombio, mwanamke mwenye umbo la ghala na moyo wa ukubwa uleule. Yeye na Esteria waliuza mapeasi meza mbili zilizogusana kule Soni, na kwa miaka ishirini walikuwa wametukanana kila siku ya soko bila kuruka hata moja.

Mwanahamisi alisukuma mlango wa Esteria akaingia. Mle ndani, kama ilivyojulikana baadaye, alikuta maharage yameungua, simu inalia bila mwenyewe, na juu ya meza karatasi iliyoanza: "Mimi Esteria, nikiwa na akili timamu, nasema kwamba nitakapokuwa nimefariki..." Hakuendelea kusoma. Alitoka nje ameshika kichwa.

"Ni Esteria," alisema. "Ni Esteria wetu."

"Nimeona gari jeupe hapa asubuhi," mtu mmoja akaongeza. "Limeondoka polepole sana, linaelekea mjini."

"Basi ndilo limembeba. Wamempeleka mochwari."

Ikawa imekamilika. Pancha ile ndiyo iliyomtia Esteria mochwari.

"Wamesema ni mimi," alimnong'oneza wakili. Aliyasema kama mtu aliyesikia namba yake ikitajwa kwenye bahati nasibu.

"Tushuke, Bibi. Hii si sawa. Watu wanalia."

"Wanalia vizuri. Ngoja."

"Bibi..."

"Abubakari, mwanangu. Miaka sabini na mitatu nalilia misiba ya watu. Nimekata kuni, nimemenya ndizi, nimelala chini mpaka nyonga ikapinda. Niachie nusu saa ya msiba wangu."

Nusu saa ikawa saa nzima, saa nzima ikapata mwenzake. Nani angeweza kushuka? Turubai lilifungwa. Wanawake walikuja kwa mistari na kuni kichwani, na mikungu ya ndizi, na vikapu vya unga. Esteria aliegemeza kidevu dirishani, akatazama kama anayeangalia mpira.

"Yule pale analia kwa kope tu, mashavu makavu. Nitamkumbuka. Na yule, mtazame, ameleta ndizi mbivu. Ndizi mbivu msibani zitafika siku ya tatu? Hizo alikuwa anazitupa. Ehee, sufuria ile ni yangu, niliiazimisha tangu Pasaka. Kumbe mpaka nife ndipo irudi."

Wakili alikaa chini na mkoba wake mapajani, akijaribu kukumbuka kama chuoni walifundishwa kitu cha namna hii.

Kisha Mwanahamisi akakaa peke yake kwenye kizingiti cha jikoni, akajifunika kanga usoni, na mabega yake mapana yakaanza kutikisika.

"Nani atanitukana sasa?" alisema, bila kumwambia mtu. "Nani ataniambia mapeasi yangu yana sura ya viazi?"

Furaha ikamwisha Esteria. Akainuka. "Basi, tushuke. Yule hafai kulizwa."

Alikuwa amekwisha kukanyaga ngazi ya kwanza aliposikia mayowe mapya na kurudi dirishani. Anord alikuwa amefika.

Alikuja na koti jeusi juani. Alianguka getini akilia, akainuliwa, akatembea hatua nne, akaanguka tena, safari hii mahali palipokuwa na watu wengi zaidi. Alipokwisha kuinuliwa mara ya pili akafuta uso, akawa mkuu wa ukoo, akaanza kuagiza. Maji yaletwe. Viti vipangwe. Na kaburi lichimbwe mapema, maana mwili huenda ukafika saa nane.

"Achimbiwe katikati ya mipeasi yake," alisema kwa sauti ya kampeni. "Pale kwenye ile miwili mikubwa."

Dula, ambaye alichimba makaburi ya kijiji kizima bila kubagua dini, akatema mate mikononi na kuingia kazini na wenzake wawili.

"Bibi," Abubakari alisema kwa sauti nyembamba, "wanakuchimbia kaburi."

"Naona. Laiti ningeweza kumwambia Dula asikate mizizi."

"Sasa tushuke?"

Lakini Esteria alikuwa ameganda. Chini kule Mzee Yonathani, mkubwa wa wazee wa Kwemtindi, alikuwa anatandika mkeka katikati ya uwanja, na kila mtu alijua mkeka ule ni wa nini. Kabla maiti hajaingia udongoni, ukoo hukalishwa juu yake na kuulizwa kama kuna neno lililobaki kati yao na marehemu. Ugomvi, kinyongo, ahadi. Lililopo hufunguliwa hapo mbele ya watu, ili anayekwenda aende mwepesi. Na linalosemwa pale linabaki. La mkekani, husema wazee, halikunjwi na mkeka.

"Toa kalamu," Esteria alisema taratibu. "Na usikohoe."

Anord aliketi mkekani. Yonathani akaegemea fimbo yake.

"Anord, wewe ndiye ukoo. Mama yako mkubwa amekwenda. Kulikuwa na neno?"

Hata jikoni waliacha kumenya. Kila aliyekuwa pale alilijua neno lenyewe, na miti yake mia na kumi na minne ilikuwa imesimama palepale ikisikiliza.

Kutoka juu Esteria aliweza kumwona Anord anavyopiga hesabu, maana alimjua tangu akivuliwa nepi. Alimwona akitazama nyumba, ambamo wosia ulilala bila sahihi. Karatasi bila sahihi ni karatasi ya kuwashia moto. Akamwona akitazama watu, uwanja mzima wa wapiga kura wenye macho mekundu. Ukarimu ulikuwa haugharimu kitu siku ile, na Anord hakuwa mtu wa kuacha kitu cha bure kimpite.

"Lilikuwepo," alisema, na sauti ikatetemeka vizuri. "Mama mkubwa alitaka mipeasi hii iutunze mnara. Mimi nilikataa. Nilikuwa mjinga. Leo mbele yenu nalifungua. Alilotaka yeye ndilo ukoo unalotaka. Udongo ulio chini ya miti hii hautaguswa maadamu mnara umesimama. Angekuwa hai," na hapa akapiga kifua, "ningetia sahihi hapahapa alipo."

Wanawake wakaguna kwa uchungu. Mzee mmoja akasema kijana huyu amekomaa.

Esteria aliziteremka ngazi hamsini na mbili kama msichana aliyesikia ngoma. Magoti yake kwa mara ya kwanza katika miaka kumi yalikubaliana. Abubakari akamfuata, mkoba kichwani, kalamu mdomoni. Walizunguka banda la mbuzi wakatokea uwanjani upande wa nyuma ya Anord.

"Onga mshi," Esteria akawasalimu kwa Kishambaa, kama anayetoka kisimani.

Uwanja ulihama. Benchi la wazee likapinduka na wazee wake. Mwanamke mmoja alikimbia akaacha kandambili zote mbili, zikabaki zimesimama pamoja kama zinasubiri basi. Aliyeleta ndizi mbivu alipitia ua wa michongoma bila kutafuta mlango.

Anord aligeuka. Akamwona. Midomo ikacheza, na mwili mzima ukataka kukimbia, lakini mtoto aliyelelewa Usambara hata akitokewa na mzimu atajua kwanza ni mkubwa kwake au mdogo.

"Shikamoo, Mama mkubwa," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba."

Mwanahamisi peke yake ndiye aliyesogea. Alikuja hatua kwa hatua, akamshika Esteria mkono, akamfinya kwa kucha mpaka Esteria akaruka.

"Nyama," Mwanahamisi akawatangazia wenzake. Halafu akampiga kofi la bega, halafu akamkumbatia, halafu akaanza upya kulia, sasa kwa hasira. "Mbaya wewe. Leo meza yangu ya Soni imelala kwa ajili yako. Ukifa tena siji."

"Utakuja. Utataka kuhakikisha."

"Na mapeasi yako bado yana ladha ya sabuni."

"Nashukuru, dada. Nilikuwa nimeanza kukumiss."

Watu wakarudi mmoja mmoja, wengine wakicheka kwa woga, wengine wakimgusa kitenge. Abubakari alieleza habari ya kamba, na jinsi alivyoeleza, kwa maneno ya mahakamani, ilizidi kuchekesha mpaka Mzee Yonathani akashindwa kusimama. Esteria akasubiri kicheko kipungue. Kisha akaingia ndani, akatoka na karatasi tatu zenye alama ya chupa ya chai, akaziweka mkekani mbele ya Anord.

"Umesema ningekuwa hai ungetia sahihi. Nimejitahidi."

Anord alizitazama karatasi kama mtu aliyeletewa bili ya chakula cha meza nyingine.

"Mama mkubwa, namshukuru Mungu u mzima. Lakini la msibani ni la msiba. Hapa hakuna msiba. Hakuna maiti. Kwa hiyo hakuna lililosemwa."

Watu wakatazamana. Ilikuwa hoja. Wakili mwenyewe alitikisa kichwa kidogo kwa kuisifu, na Esteria akahisi mwezi ukifika mwisho na mawe yakiporomoka kuelekea mtaroni. Alimgeukia Yonathani.

Mzee alijifuta machozi ya kicheko, akafikiri.

"Anord ana haki ya kuuliza," alisema. "Tuulizane vizuri. Dula, umefika wapi?"

Kichwa cha Dula kikatokea kati ya mipeasi miwili mikubwa. "Kifuani, Mzee. Nimesikia kelele nikadhani ni chakula."

"Kaburi limefika kifuani," Yonathani akasema. "Na kaburi haliachwi wazi likiwa tupu, hilo hata watoto wanajua. Shimo lililochimbwa kwa jina la mtu lina njaa. Sasa chagua, Anord. Kama huu ni msiba, tutalilisha shina la mgomba, tulizike kwa heshima badala ya mama yako, litulie, na sisi tule tuondoke. Lakini msiba ukiwa msiba, la mkekani limesemwa. Kama huu si msiba, hewala. Hakuna lililosemwa. Basi lile si kaburi la mtu, ni shimo la yule aliyeliagiza. Aliliagiza nani?"

Kila mtu akamtazama Anord.

"Mwenye shimo atalifukia peke yake," Yonathani aliendelea, bila haraka, "kwa mikono, kabla ya jua kuzama, na litabaki na jina lake. Sina ubaya. Ni desturi tu."

Anord akatazama kule kwenye mipeasi. Dula, ambaye hakuwa na adabu lakini alikuwa na akili, akapima shimo kwa macho, akampima Anord kwa macho, akasema, "Urefu utatosha, mkuu. Mabega ndiyo tutapanua kidogo."

Uchaguzi ulikuwa mwezi unaofuata. Nani anampigia kura mtu mwenye kaburi lake tayari?

"Ni msiba," Anord alisema.

"Hatujasikia," Mwanahamisi akasema.

"Nimesema ni msiba. Msiba mkubwa. Nipeni hiyo kalamu."

Akatia sahihi kwa niaba ya ukoo, karatasi tatu zote. Yonathani akaweka dole gumba kama shahidi, na Mwanahamisi akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi, akimwambia Esteria asimtazame anamharibia mwandiko. Esteria alitia sahihi wa mwisho. Aliangalia wino ukikauka. Mnara kule juu ulikuwa umeinama vilevile kuelekea bondeni, na akausamehe.

Anord alisogea karibu naye, koti limemlowa jasho.

"Mama mkubwa," alisema chini chini, "mara ya kwanza pale getini nililia kweli."

"Najua, mwanangu. Nilikuona. Ya pili ndiyo ilikuwa ya kitongoji." Akamfuta vumbi begani. "Na usinune. Mimi sijafa bado. Mpaka siku hiyo mapeasi ni yangu, na nikiwa na mapeasi hujawahi kuondoka hapa mikono mitupu."

Basi msiba ukaendelea, maana chakula kilikuwa kimeiva. Dula alikwenda nyuma ya nyumba akarudi na mgomba begani. Ukavikwa shuka jeupe. Wanaume wakaubeba, wanawake wakaufuata wakiimba, na Esteria akaongoza kuimba, ule ubeti wake mmoja. Alitupa konzi ya kwanza ya udongo yeye mwenyewe. "Alikuwa mwanamke mzuri," alisema juu ya kaburi, "ila alipenda kuchungulia." Watu walicheka mpaka wakashindwa kufukia, ikabidi Dula awabembeleze.

Gari jeupe lilirudi na tairi nzima wakati wa kuosha vyombo. Abubakari alikuwa amekwisha kuaga, mguu mmoja ndani ya gari, mkoba umefungwa, Mzee Yonathani alipouliza kitu kutoka kando ya kaburi.

"Dula. Mgomba ule uliukata, au uliung'oa?"

"Niliung'oa, Mzee. Nilikuwa na haraka."

"Na tunguu lake? Na mizizi?"

Dula akakuna kichwa. Kila mkulima pale alielewa kwa wakati mmoja. Shina lililokatwa huoza. Mgomba uliozikwa na tunguu lake, kwenye udongo ule, na mvua zile, utachipua kabla ya Pasaka.

Anord ndiye aliyekuwa wa kwanza kutabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza la kweli tangu asubuhi.

"Mti ni wa aliyeupanda," alisema. "Huo hakuupanda mtu. Tuliuzika. Kwa hiyo ni wa udongo, na udongo ni wa ukoo."

"Mlimzika nani?" Esteria akauliza.

"Mgomba."

"Kwa jina la nani?"

Anord akaligeukia lile tuta jipya la udongo.

"Basi hiyo iliyolala humo ni mimi," Esteria alisema, akikaa tena mkekani na kujipangia kitenge vizuri, kama mtu mwenye alasiri nzima mbele yake. "Nikiota, ndizi zangu ni za mnara."

"Utaotaje na wewe umekaa hapa?"

"Hilo ndilo la kujadili."

Wazee wakaliinua benchi. Mwanahamisi akaagiza chai zaidi. Abubakari alimtazama dereva, akatazama barabara ya kwenda Tanga, akautoa mguu garini. Akarudi, akaketi mkekani kati ya Anord na Bibi Esteria, akafungua ukurasa mpya.

"Haya," alisema. "Tuanze na mkungu wa kwanza."